Kuluthumu Hasikii

Mgori,
4 Machi 2024

Mama Kuluthumu,

Shikamoo. Mimi ni Winfrida, mtoto wa pili wa mzee Chediel, fundi baiskeli wa hapa Mgori. Sijui kama unanikumbuka, maana huwa sionekani sana. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Matokeo hayakuniruhusu kuendelea, kwa hiyo tangu Januari najitolea shuleni hapa, nafundisha Hisabati darasa la nne. Bibi yake Kuluthumu alinipa namba ya duka unapopokelea simu huko Sekenke. Nilipanda kwenye jiwe lenye mtandao nikapiga, akapokea mwanaume, nikakata. Naomba unisamehe. Kwenye simu maneno hunikauka. Fredrick anayepeleka vitunguu Shinyanga amesema atakuachia barua hii akipita.

Nakuandikia kwa sababu ya hesabu za sehemu. Darasa langu ni kubwa na watoto hawafanani. Wapo ambao nyumbani kwao ni Kinyaturu tupu, nikisema "theluthi" wananitazama kama nimetukana. Yupo Nathanaeli ambaye haoni ubao mpaka pua iguse chaki. Yupo Esta anayemaliza kabla sijaandika swali lote, kisha anawachokoza wengine. Juzi nilichora ugali ubaoni, nikamwita Gerald augawe nusu kwa nusu, wake na wa babu yake. Akapiga mstari pembeni kabisa. Nikamwambia nusu mbili lazima zilingane. Akaniuliza, "Yaani babu ale sawa na mimi? Si atanichapa?" Darasa zima likaitikia, "Kweli mwalimu, atachapwa huyo!" Nikacheka huku nimejiziba mdomo kwa mkono, ndivyo nilivyozoea hata nikifundisha.

Lakini anayeninyima raha ni Kuluthumu. Anakaa nyuma kabisa, kwenye dawati wanaloliita la wazito. Mwalimu aliyenitangulia alinishauri nisipoteze muda naye. Nikimuuliza hajibu, au anajibu jambo jingine. Wiki iliyopita niliwafundisha kwamba namba ya juu ya sehemu inaitwa kiasi, na ya chini inaitwa asili. Nikawaambia waandike. Kuluthumu akaandika juu "kiasi", chini "asali". Jirani yake akaisoma kwa sauti, wakacheka mpaka darasa la tano wakaja kuchungulia dirishani. Tangu siku hiyo wanamwita Asali. Hakulia. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, kisha akacheka nao, na niliona kabisa hajui wanacheka nini.

Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa darasa la nne. Asipofaulu atakariri darasa, na bibi yake ameniambia wazi kwamba akikariri haji tena shule, atachunga mbuzi. Naomba uniambie, mama, nyumbani alikuwaje? Kuna kitu kinamsumbua ambacho mimi sikijui?

Mwanao mtiifu,
Winfrida


Sekenke,
19 Machi 2024

Mwalimu Winfrida,

Marahaba mwanangu. Aliyekutisha kwenye simu ni Abdulmajidi mwenye duka. Ana sauti ya fahali lakini hana neno, alishangaa simu imekatika akadhani kadaiwa.

Nakukumbuka sana. Wewe ndiye uliyekuwa ukipita kisimani umejifunika kanga mpaka puani, sisi tukadhani unaumwa jino. Leo wewe ni mwalimu! Alhamdulillahi.

Umenichekesha kwa hiyo asali. Huyo ni mlafi tu. Nyumbani Kuluthumu hana tabu. Mpole, hana maneno, ukimtazama machoni na kumtuma anakwenda. Ana usingizi mzito, radi ipige bati litoke yeye amelala. Magonjwa ya watoto yote yalimpitia, degedege, surua, masikio kutoa usaha, na yote yalipona. Tangu baba yake afariki amekuwa mkimya zaidi, lakini nani hakuwa mkimya mwaka ule?

Huku nawapikia wachimbaji. Sehemu zako zipo hata hapa. Mtu anaagiza wali nusu, nikimpakulia nusu anasema, "Mama, hii ni robo, umeniibia." Nikimjazia anasema ahsante, kesho anataka nusu ileile. Makarasha yanasaga mawe kutwa nzima, tunasemezana kwa kupiga makelele kama wagomvi.

Usimwache mwanangu. Mimi niliishia darasa la tano, na ni hizo sehemu zilizonitoa. Mwalimu aliandika moja chini ya nyingine, nikasema hii sasa ni nini, sikurudi. Huyu akivuka hapo atafika ambako sikufika. Sina kingine nilichokuja kutafuta huku.

Mimi,
Mama Kuluthumu


Mgori,
14 Aprili 2024

Mwalimu wangu Emiliana,

Shikamoo. Ulinifundisha darasa la tatu kabla hujahamishiwa mjini Singida, kwenye shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Ulikuwa unanituma nikusomee kwa sauti mkiwa wawili tu, wewe na ubao, kwa sababu mbele ya wenzangu nilikuwa nalia. Sasa nafundisha, na nina mtoto ambaye sina mwingine wa kumuuliza habari zake.

Anaitwa Kuluthumu, nilimdhania mzito. Wiki iliyopita nilikusanya mabua ya mtama, nikayakata urefu ulio sawa. Bua moja nikaligawa vipande vitatu, jingine vinne. Nikashika theluthi mkono huu na robo mkono huu, nikauliza, "Kipi kikubwa?" Wakapiga kelele, "Robo! Robo!" kwa sababu nne inaizidi tatu. Kuluthumu nilikuwa nimemleta mbele kwa kuwa ana mkono mzuri wa kukata mabua. Akasema, "Theluthi." Wakamzomea. Akainuka, akavilaza vipande mezani sambamba, akasema kwa ile sauti yake ya puani, "Ukigawia wengi, kila mmoja anapata kidogo."

Mwalimu, hajawahi kusema sentensi ndefu hivyo darasani. Nikajiuliza siku hiyo ina nini. Kisha nikaelewa. Mikono yangu miwili ilikuwa na mabua. Sikuwa nimejiziba mdomo.

Nikageukia ubao nikaendelea kusema, akapotea. Nikageuka kumtazama, akarudi. Saa ya mapumziko nilisimama nyuma yake nikaita jina lake. Wenzake wote waligeuka, yeye alikuwa anaendelea kula embe. Aliwahi kuandika "asali" nilipotamka "asili", kumbe hakuwahi kulisikia neno hilo. Sauti ilimfikia imekatikakatika, akaijaza kwa neno alilokuwa nalo. Mama yake aliniandikia kwamba masikio yaliwahi kutoa usaha, yakapona.

Sasa kila neno jipya nawashikisha kwanza, kisha nalichora, ndipo nalitamka nikiwa nimewatazama. Kumbe wote walikuwa wanalihitaji hilo. Wale wa Kinyaturu wanaishika theluthi kabla hawajaambiwa jina lake. Nathanaeli anapapasa vipande badala ya kuusumbukia ubao. Esta namwachia atunge maswali, na sharti ni kwamba ayaonyeshe kwa mabua tu bila kusema, hilo limemtuliza. Gerald nimemwambia kwa babu yake aendelee kugawa kama kawaida, lakini kwenye daftari babu na mjukuu wanalingana. Amekubali, ila amesema daftari lisifike nyumbani.

Nimwambieje mama yake? Yuko Sekenke. Naogopa kuandika neno kiziwi kwa mama ambaye hajalifikiria. Nimeanza barua nikaichana.

Mwanafunzi wako,
Winfrida


Singida mjini,
2 Mei 2024

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mbele ya walimu wenzangu, nikasema huyu ndiye aliyekuwa analia.

Umeona sawasawa. Wapo wengi wa namna yake, wamewekwa nyuma kwa sababu hawaitikii, na kule nyuma ndiko hawasikii kabisa. Endelea kumweka mbele, mwanga uwe usoni kwako, si mgongoni. Usipige kelele, kelele huharibu umbo la mdomo.

Sasa sikiliza. Tarehe 23 Julai mtaalamu atapita Mgori na chombo cha kupima usikivu. Hapa kwetu bweni lina nafasi moja iliyoachwa wazi. Akipimwa siku hiyo na mzazi akiridhia, nafasi ni yake. Asipopimwa itakwenda kwa mtoto mwingine, na mwaka huu hakuna nyingine. Usimcheleweshe. Mtoto wa namna hii akikosa wa kumsemesha usoni, hata maneno aliyonayo humtoka.

Mwandikie mama yake. Usizunguke. Mwambie tu kwamba mtoto hasikii vizuri na kwamba yuko wa kumsaidia.

Wako,
Mwalimu Emiliana


Mgori,
6 Mei 2024

Mama Kuluthumu,

Shikamoo. Naomba usikasirike kwa haya nitakayoandika. Nimeandika barua ndefu nikaichana, sasa nasema kwa kifupi.

Kuluthumu hasikii vizuri. Nilidhani ni darasani tu, lakini nimemchunguza, ni kila mahali. Akiitwa haitiki. Akiambiwa hili anafanya lile. Nikiwa naye karibu anabadilika sana, hata hesabu za sehemu sasa anawazidi wenzake, ila mwalimu mmoja kama mimi sitoshi. Tarehe 23 Julai atakuja mtaalamu wa watoto wa namna hii. Akithibitisha, atachukuliwa bweni mjini kwa watoto wenzake. Kinachotakiwa ni ruhusa yako.

Si kosa lako, mama. Watoto kama hawa wako wengi.

Winfrida


Mgori, kwa bibi yake,
26 Mei 2024

Mwalimu,

Nimekuja leo Jumapili nimeambiwa uko kanisani. Afadhali. Ningekukuta ningesema yasiyofaa mbele ya watu.

Barua yako niliisomea mbele ya wateja, nikaona aibu sahani ikanidondoka. Kuluthumu hasikii! Mimi, Saada, nimelea mtoto asiyesikia? Nilikuomba umfundishe hesabu, wewe umemchunguza tabia. Na hilo bweni la mjini nalijua. Kuna mama kule Sekenke mwanawe alichukuliwa na wataalamu hivyohivyo baada ya kuiba nyaya, akarudi hajui hata kuamkia. Wangu hajaiba. Hajamtukana mtu.

Lakini nisiwe mwongo, nimeliona leo kwa macho yangu. Nilifika nikamkuta anachambua mboga amenipa mgongo. Miezi mingapi hajaniona! Nikamwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hageuki. Bibi yake akasema, "Ndivyo alivyo siku hizi, amekuwa jeuri." Nikamchapa palepale na mwiko. Akanitazama kama hajui kosa lake, kisha akanikumbatia miguu. Sijui ndiyo ujanja gani huo.

Kama ni kusikia, nitamfundisha kusikia mimi mwenyewe. Naondoka naye na gari la mchana. Huyo mtaalamu wako akija mwambie hatukuwepo.

Mama Kuluthumu


Mgori,
27 Mei 2024

Mama Kuluthumu,

Shikamoo. Nilitoka kanisani nikakimbia hadi stendi, gari lilikuwa limeondoka.

Mama, si tabia. Ni masikio. Nilipaswa kuandika neno hilo, masikio, nikaona haya, nikaandika kifupi. Kuluthumu si jeuri. Sauti haimfikii. Aliposhindwa kugeuka jana hakuwa anakudharau, hakujua kama uko pale. Alipokukumbatia alikuwa amefurahi kukuona.

Hata ile asali haikuwa ulafi. Nilisema "asili" huku nimejiziba mdomo, naye anasikia kwa kutazama midomo. Unakumbuka uliniandikia kwamba ukimtazama machoni na kumtuma anakwenda? Ndiyo hiyo. Unakumbuka radi? Ndiyo hiyo pia. Bweni la mjini ni la watoto wasiosikia kwa masikio, wanafundishwa na walimu wanaojua, yuko Mwalimu Emiliana aliyenifundisha mimi. Hakuna mhalifu hata mmoja.

Nakuomba umjaribu. Akiwa amekaa bila kujua uko nyuma, simama hatua chache, umwite kwa jambo analolipenda. Usikanyage kwa nguvu, maana kishindo anakisikia kwa miguu. Ukishaona mwenyewe, mrudishe kabla ya tarehe 23 Julai. Nafasi ni moja.

Sijawahi kumwomba mtu mzima kitu kwa nguvu hivi.

Winfrida


Sekenke,
30 Juni 2024

Mwalimu Winfrida,

Barua yako nimeisoma mara nyingi na hasira zimenipungua. Najua unampenda. Ila hapo umekosea, mwanangu.

Huyu mtoto anasikia akitaka. Nikisema njoo ule, anakuja kabla sijamaliza. Lori likipita nyuma anageuka. Nikimwambia alete chumvi analeta sukari, halafu ananichekea. Kwenye ukoo wetu hakuna kiziwi, wala kwa marehemu baba yake. Masikio yalitoa usaha, tukatia dawa, yakakauka. Mimi ndiye niliyetia.

Nilimkabidhi chapati akate. Anakata vipande vinne vinalingana kama vimepimwa. Mzee mmoja mchimbaji akasema, "Mkubwa apewe kikubwa." Akatikisa kichwa, akasema vilingane, akampa sawa na kijana. Wakacheka sana, wakamwita Mwalimu, na mimi nikacheka. Siku hiyo nilikuwa na furaha.

Lakini akinipa mgongo, ni kama sipo. Namwita mbele ya watu mpaka wanaanza kunihurumia. Nimefikiri sana, nimeona hajanisamehe kumwacha kwa bibi yake. Ananinyima sauti yake kwa makusudi, na kumchapa hakusaidii. Huku machimboni si pa kulelea mtoto wa kike mwenye kinyongo. Wiki iliyopita nimempeleka Issuna kwa shangazi yake Rukaiya, anauza nyanya gulioni, hacheki na mtu. Atamnyoosha. Shule atatafutiwa hukohuko.

Usiniandikie tena habari za masikio. Ukiniandikia mengine nitafurahi.

Mama Kuluthumu


Mgori,
23 Julai 2024

Mama Kuluthumu,

Shikamoo. Hii si ya kukulaumu. Nimeona lazima mtu akuandikie jinsi leo ilivyokuwa.

Mtaalamu alikuja asubuhi. Ni mama mmoja mpole, chombo chake kinaingia kwenye mkoba. Alipima watoto chini ya dirisha la ofisi. Kumbe yupo mwingine, wa darasa la pili, sikio moja halisikii na hakuna aliyejua. Kisha akaita, "Kuluthumu Tamimu." Akaita tena. Watoto wakanitazama mimi. Nikasema hayupo. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia sema kwa nguvu mwalimu, ikabidi niseme mara ya pili.

Alikata jina kwa mstari. Nafasi ya bweni inakwenda kwa mtoto mwingine.

Nimewapa darasa zoezi la kulinganisha sehemu. Wote wamepata kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo. Gerald alipoulizwa kwa nini, alisema, "Kuluthumu alisema ukigawia wengi, kila mmoja anapata kidogo." Hawamwiti Asali tena. Walitaka nikuandikie hilo.

Winfrida


Issuna,
18 Agosti 2024

Mwalimu Winfrida,

Nakuandikia nikiwa kwa wifi yangu. Barua yako ya Julai ilinikuta. Sikulala nayo vizuri. Nikaja.

Wifi amenipokea kwa lawama. Anasema mtoto hajatoa neno tangu alipofika. Hata salamu. Sokoni wanamwita bubu, na yeye Rukaiya ameshachoka kujieleza. Nikamwambia, huyu anaongea, huyu aliwaambia wachimbaji chapati zilingane. Akasema, "Basi mwambie anijibu hata mimi."

Kuluthumu alikuwa uani amekaa kwenye ndoo, anapanga nyanya. Hakuwa ameniona. Nikavua viatu. Nikasimama nyuma yake kama ulivyosema, nikasema polepole, "Kuluthumu, twende nyumbani." Akaendelea kupanga. Nikasema kwa nguvu. Kuku wakakimbia, mtoto wa jirani akachungulia juu ya ua, wifi akatoka jikoni. Yeye aliokota nyanya, akaifuta na gauni, akaiweka pamoja na nyingine.

Nikakaa chini palepale. Nimempiga kwa mwiko, Mwalimu. Nimempiga kwa sababu ya kitu ambacho hana.

Nilipopata nguvu nilizunguka mbele nikamshika uso kwa mikono miwili. Akashtuka, akanitambua, macho yakajaa. Nikamwambia taratibu, midomo ionekane, "Mama amekuja."

Akaruka, nyanya zikamwagika, akatoka mbio mpaka barabarani. Nikamfuata. Alisimama pale anatazama njia ya Singida, kisha upande wa pili, kisha tena njia ya Singida. Hakukuwa na mtu. Nikamvuta mkono akakataa. Tulisimama mpaka vumbi la pikipiki likatulia. Kisha akanitazama mimi, akatazama barabara, akarudi ndani peke yake akaanza kuokota nyanya.

Mimi nilikuwa mbele yake. Alikuwa anamtafuta nani?

Nifundishe la kufanya. Nitafanya lolote.

Saada


Mgori,
25 Agosti 2024

Mama Kuluthumu,

Shikamoo. Nilipofika mwisho wa barua yako nilikwenda kwenye jiwe nikampigia Mwalimu Emiliana. Alipokea, sikukata. Anasema nafasi imekwisha kuchukuliwa, hilo halibadiliki mwaka huu. Lakini mlete Kuluthumu mjini, atawapokea yeye mwenyewe stendi na kuwapeleka hospitali masikio yakaangaliwe. Kisha, ukikubali, arudi hapa Mgori. Dawati la mbele hakuna anayelikalia. Bibi yake nimezungumza naye, amelia, amesema hakujua.

Mtaalamu alisema maneno yanayopotea yanaweza kurudi, ila si yote na si upesi. Sitakudanganya kwamba atakuwa kama siku ile ya mabua.

Umeniuliza alikuwa anamtafuta nani. Nilitaka kukuandikia kwamba sijui. Kalamu ilikuwa tayari. Nikakumbuka barua yangu ya Mei, nilivyoona haya kuandika neno masikio.

Nilichukua kioo, nikasimama mlangoni penye mwanga, nikasema bila kutoa sauti: mama. Kisha nikasema bila kutoa sauti: baba. Mama Kuluthumu, kwenye midomo ni neno moja. Inafunga palepale na kufunguka palepale. Nimerudia mpaka mdogo wangu akanicheka, hakuna tofauti hata kidogo. Wewe ulisema mama amekuja. Yeye aliona baba amekuja.

Siku ya msiba wa baba yake sikuwepo, nilikuwa bweni. Sijui nani alimweleza Kuluthumu, wala kama alimtazama usoni alipokuwa anamweleza. Watu wanapolia hufunika midomo. Huenda hakuna aliyemwambia kwa namna ya yeye kujua. Huenda kwake baba yake bado yuko njiani.

Hilo itabidi aambiwe, na wewe ndiye wa kumwambia. Lakini lisiwe la kwanza. Na tafadhali usilie mbele yake kabla hajajua sababu, atadhani amekosa tena.

La kwanza liwe hili. Asubuhi, kukiwa na mwanga usoni kwako, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane. Usiseme mama. Chukua mkono wake, uweke kifuani kwako ili ajue ni wewe, useme: mimi. Ungoje. Useme tena: mimi.

Winfrida